Tangazo la kanisani usilolisahau: wa Unguja na Pemba, tupeane uzoefu

Mzee wa Kikapu

Bwana Yesu asifiwe. Na kwa ndugu Waanglikana wa Mkunazini na Mbweni, Tumsifu Yesu Kristo.

Leo naomba tuzungumzie kile kipindi ambacho wengi wetu hukitumia kutafuta viatu vya watoto chini ya mabenchi: matangazo.

Bara ukikosa matangazo ya Jumapili huna hasara kubwa. Shangazi atakupigia, mke wa kaka atakupigia, mpaka Jumatatu jioni umeshajua nani kafiwa na nani kavishwa pete. Huku visiwani wengi wetu ni wakuja: wahudumu wa hoteli, walimu, askari, mafundi wa ujenzi. Shangazi hayupo. Makanisa yenyewe ni ya kuhesabika. Waanglikana wana Dayosisi yao ya Zanzibar. Sisi Walutheri tuko chini ya Dayosisi ya Mashariki na Pwani, waraka wa Askofu unavuka bahari kutoka Dar ndipo utufikie. Ndugu wa Assemblies na makanisa mengine ya kiroho wana utaratibu wao. Lakini msiba ukitokea mtaa wa Amani alfajiri, ikifika saa sita mchana umeshasomwa kwa wote hao, na ukiuliza nani kaupeleka hupati jibu. Ndiyo maana nasema matangazo huku yanafanya kazi ya ukoo.

Masharti ni machache. Usitaje jina la mtu wala la mchungaji. Simulia lililokukuta wewe, si la kusikia. Na habari za nani kala hela ya kanisa tafuteni pa kuzipeleka.

Naanza mimi. Tulikuwa na kijana fundi seremala, mtu wa Njombe, mpole, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Usiku mmoja akaugua ghafla, akafariki kabla hajafikishwa wodini. Simu yake ilikuwa na namba ya siri. Bosi wake alijua jina la kwanza tu. Kitambulisho kilitupa majina matatu, lakini ndugu zake ni akina nani, wako kijiji gani, hakuna aliyejua. Katibu wa usharika ndiye aliyekumbuka kuwa kijana alipohamia alileta barua kutoka kanisa la kwao. Tukafukua faili, barua ikapatikana, ina muhuri na namba ya simu ya ofisi. Hiyo ilikuwa Jumamosi usiku.

Asubuhi yake tangazo lilisomwa kule Njombe ibada ya kwanza, na kabla ya ibada ya pili haijaanza baba yake mdogo akapiga simu. Huku nasi tulikuwa tunasomewa letu: linahitajika sanduku, kibali cha kusafirisha mwili, na nauli ya watu wawili wa kusindikiza. Kapu likapita mara mbili. Majirani wa pale alipopanga, Waislamu watupu, walileta ubani kwenye bahasha, na sheha alitangulia kufika hospitali kuliko sisi wazee wa kanisa. Waanglikana walituletea mchango wao mchana, maana nao walishasomewa.

Tangu hapo, mtu akija kwetu bila barua namwambia akaitafute. Wengine wananiona mzee wa makaratasi. Sawa tu.

Haya, karibuni.

Mama Kwaya

Amina mzee. Poleni kwa kijana.

Langu ni la chumba. Nilikuja Unguja kufundisha skuli ya binafsi, nikawa nalala kwa rafiki, sebuleni, na mume wa rafiki ameshaanza kukohoa kila nikiwasha taa. Mnaelewa. Jumapili moja katibu akasoma: "Kipo chumba Mwanakwerekwe. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima. Hataki pombe, hataki kitimoto, haulizi dini. Anayehitaji aonane na ofisi." Nilimwona katibu kabla hata ya baraka ya mwisho, Mungu anisamehe.

Bi mkubwa alinikagua juu mpaka chini, akaniuliza swali moja: "Unajua kuzima bomba vizuri?" Nikapata chumba.

Nilichotaka kuwasimulia hasa ndicho hiki. Kila Jumapili nikirudi namkuta barazani kwake, ameshatandika mkeka, ananisubiri. "Haya, mwanangu, nani kaoa huko kwenu?" Mwanzo nilidhani ni utani. Si utani, anataka matangazo yote, kwa mpangilio. Yule binti aliyetangazwa mara ya kwanza wiki iliyopita, leo katangazwa ya pili? Yule mzee aliyelazwa Mnazi Mmoja karudi nyumbani? Siku nikisema sikusikiliza vizuri ananikasirikia: "Sasa ulikwenda kufanya nini?" Mwezi wa Ramadhani sahani ya futari haikosi mlangoni kwangu, na Krismasi pilau yangu anaigawa yeye kwa majirani, ananichagulia nani apate paja na nani apate shingo.

Fundi Spika

Kwetu matangazo yana urefu kuliko mahubiri, na mahubiri yenyewe si mafupi. Mimi ndiye nashika mitambo, najua ninachosema. Ikifika "tangazo la mwisho" ujue bado matatu.

Mhudumu wa Paje

Mnaongea kana kwamba kila mtu yuko kanisani Jumapili. Kwenye hoteli yetu Jumapili ndiyo siku ya wageni kuondoka na wengine kuingia. Vyumba vyote vinageuzwa siku moja. Ukiomba ofu siku hiyo msimamizi anakutazama kama umemwomba hoteli.

Sisi wa ukanda wa pwani ya mashariki tunasali katikati ya wiki, usiku, kwenye chumba cha kukodi. Tuko wa madhehebu mchanganyiko: Mlutheri, Mmoravian, Mpentekoste, hata Mkatoliki mmoja anakuja kwa sababu ya nyimbo. Kuongoza ibada tunapokezana. Habari za mjini tunazipata kwa sauti. Kuna dada mmoja, akitoka ibadani Jumapili, anakaa kwenye gari anayasoma matangazo yote upya kwenye simu na kututumia kwenye kundi letu la WhatsApp. Hana cheo chochote kanisani. Nyuma ya sauti yake unasikia konda anaita abiria. Mimi huyasikiliza nikiwa natandika vitanda, simu mfukoni, sikio moja.

Kwa njia hiyo nilijua mwenzetu mmoja wa Kiwengwa kajifungua mapacha na hoteli yake imefungwa. Wa bara hawalijui hili: masika ikiingia, Aprili na Mei, hoteli nyingi zinafunga, na wafanyakazi wa mkataba wanarudishwa makwao bila mshahara mpaka wageni warudi. Makundi yetu ya ibada yanapukutika. Mwezi wa tatu tunajaza chumba, mwezi wa tano tunabaki watu wa kuenea benchi moja. Yule dada wa mapacha hakuweza kusafiri. Sauti ilikuja Jumapili mchana, na waliobaki kazini tukachanga bakshishi zetu za wiki ile, za noti na za sarafu za nchi mbalimbali, hata tulizokuwa hatujui thamani yake.

Ombi langu kwa wachungaji wa mjini: mkiandika ratiba ya mwaka, mtukumbuke. Kongamano la vijana kuwekwa Agosti, hoteli zimefurika, hivi mlitegemea aje kijana gani?

Mzee wa Kikapu

Hilo la Agosti nimelichukua. Nitalipeleka kwenye baraza la wazee, na safari hii nitaomba liandikwe kwenye muhtasari.

Mpemba wa Wete

Salamu kutoka Wete. Sie huku ni wachache zaidi yenu. Unguja mnalia uchache, njooni Pemba muone. Ijumaa Kuu mara nyingine tunasali pamoja ili walau kwaya itimie sauti nne.

Langu ni la sikukuu ya mavuno. Mnajua utaratibu: watu wanaleta walichovuna, ibada ikiisha unapigwa mnada. Muhogo, ndizi, nazi, kuku mmoja wawili. Mwaka huo karafuu zilikuwa zimezaa, na mwanakwaya mmoja, mwenye mikarafuu aliyoachiwa na babu yake, akaleta mfuko wa karafuu kavu, zimeanikwa zikaanikika, harufu imejaa kanisa zima. Mwinjilisti wetu alikuwa mgeni, katoka bara juzi juzi. Kwa furaha akaunyanyua ule mfuko: "Elfu thelathini mara ya kwanza!"

Kimya. Akashuka: "Elfu ishirini!" Kimya. Akatazama kulia, akatazama kushoto, anadhani watu wamechoka kutoa. Kumbe kila mtu anaangalia miguu yake. Mzee mmoja akainuka polepole akamnong'oneza, lakini kanisa letu dogo, tukasikia wote: "Mwalimu, karafuu hiyo ni ya ZSTC. Ukiiuza hapa ni magendo."

Huku kwetu karafuu huuzwa kwenye vituo vya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ndiyo hiyo ZSTC, si pembeni, si sokoni, na si madhabahuni. Mfuko ukapelekwa kituoni Jumatatu, ukapimwa, ukalipwa. Jumapili iliyofuata kwenye matangazo mwinjilisti akaisoma ile risiti kuanzia tarehe mpaka saini, neno kwa neno. Tulicheka mpaka machozi. Sasa risiti ya karafuu inasomwa kila msimu, imekuwa desturi, na watoto wanaisubiri kuliko zaburi.

Na kwa kuwa tunataja madhehebu, msisahau kuna Marafiki, wale wanaoitwa Quakers. Wengi wa Unguja hawajui kabisa kuwa Pemba kuna kanisa hilo. Walifika mwaka 1897, mwaka uleule Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuondoa uhalali wa utumwa, wakanunua shamba la Banani upande wa Chake Chake, ambako watu walioachwa huru walifanya kazi kwa ujira. Bibi yangu mzaa mama alisali kwao. Alikuwa akisema kwao ukimya ndio ibada, basi habari zote za mji mnabakisha za kupeana mkishatoka nje, chini ya mwembe. Waliotaka kusengenya walikuwa wanatamani amina ifike haraka.

Mtoto wa Mbweni

Kwetu Mbweni bibi zetu walisema tangazo ni kengele. Ya ibada ina mlio wake, ya msiba ina mlio wake, na mtoto alijua kutofautisha kabla hajajua kusoma. Ardhi ya Mbweni ilinunuliwa na misheni ya Waanglikana 1871, wakakaa pale watumwa walioachwa huru, na kanisa la Mtakatifu Yohana likawekwa wakfu 1882. Watu waliotoka makabila yasiyojuana, hawana ukoo wa kuwaletea habari. Mzee wa Kikapu, hiyo kazi ya ukoo unayoisema haikuanza na wahudumu wa hoteli.

Mwalimu Mstaafu

Nimefurahi mwenzangu wa Mbweni kanitangulia, maana nilitaka kuingilia hapohapo.

Watu wakitaja historia ya Kanisa hapa huanza na Askofu Edward Steere na kanisa kuu la Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873, na ibada yake ya kwanza Krismasi ya 1877. Halafu wanakuja na zile nguzo zilizosimikwa kichwa chini miguu juu wakati Askofu hayupo. Hiyo mmeshaisikia kwa waongoza watalii, siirudii.

Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba misheni ileile ya Waanglikana, iliyoitwa UMCA, ilikuwa na chuo pale Kiungani, na mwaka 1888 ilianza kuchapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Vijana waliosoma Kiungani walikuwa wametawanyika: wengine Usambara, wengine Masasi na Newala, wengine ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Gazeti lilikusanya habari kutoka vituo hivyo na kuwarudishia. Nani kapelekwa kituo gani, nani anaumwa, kanisa gani linajengwa, nani kaoa. Waandishi wengi walikuwa ni wao wenyewe, walimu na wanafunzi Waafrika, wanaandikiana. Ukiniuliza mimi, nasema ni matangazo ya Jumapili yaliyopanda meli.

Na walikuwa na mambo ya kuandikiana. John Swedi alikuwa ameshapewa ushemasi 1879. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa akawa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo. Fikirieni barua ya habari hiyo ilivyochukua wiki na wiki kwa mguu mpaka mahali alipo mwanafunzi mwenzake wa zamani, na alivyoisoma.

Langu binafsi ni dogo. Nilistaafu, nikahama mjini nikaenda shamba, macho yakaanza kupungua. Kijana mmoja wa kipaimara akapewa kazi na padre: kila Jumapili baada ya Ekaristi anipigie anisomee matangazo. Alianza akisoma mbio mbio kama anayekimbizwa. Nikawa namsahihisha lafudhi na vituo. Sasa amekuwa msomaji wa Maandiko pale kanisani, na mimi naona kazi ya ualimu haikuniacha.

Mama Vitumbua

Mnasifia sana. Ngoja na mimi niseme langu, sitataja kanisa.

Niliahidi mifuko mitano ya saruji ya ujenzi. Niliahidi kwa moyo, biashara yangu ya vitumbua ilikuwa inakwenda. Halafu mchele ukapanda, mafuta yakapanda, mtoto akaingia kidato cha kwanza. Nikawa nimetoa miwili. Jumapili moja, kwenye matangazo, yakaanza kusomwa majina ya wenye deni la ahadi. Jina langu, idadi niliyotoa, idadi iliyobaki. Nyuma yangu wamekaa wateja wangu.

Sikurudi kwa muda mrefu. Na nyie mnaosema matangazo ni ukoo, huo ukoo haukunipigia simu hata mmoja kuniuliza mama umepotelea wapi. Walionifuata ni watu wa jumuiya ya mtaani tu, wamama wanne, tena hawakuja na neno la Mungu, walikuja na unga wa mchele. Sasa nasali kwa wenzetu wa dhehebu lingine, wananijua kwa jina na hawaijui saruji yangu.

Katibu Mtaa

Mama pole sana. Lakini nitetee makatibu wenzangu kidogo. Saruji huku inavuka bahari, bati linavuka bahari, nondo vivyo hivyo. Fundi ukimsimamisha wiki mbili anakwenda kwenye hoteli na humpati tena. Ahadi ndiyo tunayoipigia hesabu. Tukisema "wenye ahadi wakumbuke", kila mtu anageuka kumtazama jirani yake.

Mama Vitumbua

Katibu, simu yangu unayo. Ulipotaka vitumbua vya mkutano wa wachungaji ulinipigia.

Fundi Spika

Hapo nimezima spika.

Mzee wa Kikapu

Katibu, hapo huna la kujibu na mimi sitakutetea. Kwetu tulishaacha zamani: kinasomwa kiasi kilichopatikana na kilichobaki, basi. Kila mwenye ahadi anapewa karatasi yake mkononi, ndani ya bahasha, na aliyekwama anaonana na mzee wa mtaa wake wawili tu. Ujenzi haukusimama. Ulichelewa, ndiyo, lakini hata waliosoma majina paa lao silioni. Ya mtu na mfuko wake hayapaswi kufika kwenye kipaza sauti.

Jirani wa Kanisa

Assalaam alaykum. Mie ni Muislamu, nimeingia bila hodi, mtanisamehe. Nakaa ukuta mmoja na kanisa lenu moja hapa mjini, na ni fundi bomba.

Siku moja tangi lao likapasuka, nikaenda kuwaziba, nikatoza bei ya jirani. Jumapili nimekaa barazani nakunywa kahawa, kipaza sauti hicho: "Tunamshukuru fundi wetu..." na jina langu kamili, na mtaa, na namba ya simu! Baraza zima likanigeukia. "Fundi, umeshabatizwa?" Mpaka leo wananiita mzee wa kanisa.

Lakini mwenzenu sikulala njaa tena. Simu zilianza jioni ileile. Wakristo wakipata fundi mwaminifu hawamwachi, wanapeana tu, huyu kwa huyu. Nimefika mpaka Fuoni na Bububu kwa lile tangazo moja.

Na la pili, hili silisahau. Mwezi wa Ramadhani walitangaza kuwa chai ya baada ya ibada itanywewa ndani, milango ifungwe, na spika za nje zipunguzwe wakati wa tarawehe kama wana mkesha. Hakuna aliyewaomba. Nimejua kwa sababu niko ukutani. Niliwaambia wenzangu barazani, mmoja mtu wa ubishi sana akasema, "Basi Pasaka yao tusiwachomee takataka uani." Na kweli hatukuchoma.

Mama Kwaya

Fundi, niandikie namba pembeni. Bomba la bi mkubwa linavuja tangu juzi na ananisingizia mimi.

Mgeni wa Kiwengwa

Shalom wapendwa. Nimesoma yote. Mwezi ujao naanza kazi ya jikoni Kiwengwa, natokea Morogoro, simjui mtu. Mhudumu wa Paje umesema kuna kundi la katikati ya wiki. Kutoka Kiwengwa mpaka Paje usiku nitawezaje? Na barua ya kanisani nimeshaomba, Mzee wa Kikapu usiwe na wasiwasi.

Mhudumu wa Paje

Paje usiku kutoka Kiwengwa hutaweza, magari yanaisha mapema. Lakini Kiwengwa wana kundi lao, ni kwa yule dada wa mapacha, watoto sasa wanatembea na wanavuruga ibada yote. Siku inabadilika kufuata zamu, kwa hiyo muhimu uingie kwenye kundi la WhatsApp, nitumie namba pembeni nikuunge leo. Ukiwa mjini siku ya ofu, gari ya Kiwengwa ni 117, ushuke mapema kabla hujapitilizwa na konda, wana mchezo huo kwa wageni. Unapiga gitaa? La kule limekatika nyuzi mbili tangu masika.

Mgeni wa Kiwengwa

Sipigi, lakini nyuzi nitanunua Kariakoo nikipita Dar. Ni gitaa la kawaida au la bezi?

Mhudumu wa Paje

La kawaida. Nunua seti nzima.